Ugonjwa Unaoamka Alasiri

Hospitali ya Kisarawe ilikuwa inapokea wagonjwa kuanzia jua linapochomoza mpaka adhuhuri. Ugonjwa wangu ulikuwa unaamka alasiri. Kwa sababu hiyo tu, nusura nife. Nalisema mwanzoni ili asiyetaka kusoma zaidi aondoke nalo: kama nyumbani kwako kuna mtu mzima ambaye asubuhi anafagia uwanja na jioni hawezi kuinua kijiko, usimwite mwongo, wala usiseme ni uzee. Mpeleke kwa daktari jioni. Ukiambiwa mlango umefungwa, keti hapohapo mlangoni.

Mimi ni Mwanamvua binti Kondo, wa Mzenga. Naandika asubuhi, baada ya kidonge cha kwanza, maana ndipo vidole vinaponitii. Kusoma nilijifunza kwa wamisheni wa Maneromango wakati wa Mjerumani. Baba alinipeleka ingawa sisi ni Waislamu. Alisema herufi hazina dini. Sikukaa sana. Baba alifariki, na mama akamfuata akiwa ndiyo kwanza amejifungua Shomari. Zena, mdogo wangu mwingine, alikuwa anajifunza kutembea. Mkubwa ni mimi, basi nikaacha shule nikashika jembe. Shomari nilimlea kwa maziwa ya mbuzi ya kuomba kwa majirani, na alipoanza kula nilimtafunia muhogo mdomoni mwangu mwenyewe, nikamlisha kwa kidole. Hilo la kumtafunia naomba msilisahau.

Niliolewa, nikafiwa na mume, mtoto sikujaliwa. Nikarudi kuishi kwa Shomari, chumba cha uani.

Ugonjwa ulianza wakati wa vuli. Nilikuwa nasuka mkeka wa harusi ya binti wa Shomari. Mkeka huanza na ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye unaunganishwa upande kwa upande. Ukili wangu ulijulikana Mzenga nzima kwa kubana. Watu walisema ukimwaga maji juu ya mkeka wa Binti Kondo yanakaa kama kwenye sahani. Jioni moja nikaona majani mawili ya ukindu mkononi mahali pa moja. Nikafumba jicho moja, likabaki moja. Nikafumbua, yakarudi mawili. Kesho yake asubuhi nikautazama ukili wa jana: mwanzo umekaza kama kawaida, mwisho umelegea kama tenga la kuku. Nikaufumua nikaanza upya, na jioni ikawa vilevile.

Nilimwambia Shomari. Akacheka.

"Dada, uzee huo."

"Uzee gani unaoondoka asubuhi na kurudi jioni?"

"Ndio uzee wenyewe. Asubuhi unakwenda kutembea, jioni unarudi kulala kwa mwenyewe."

Wote uwanjani wakacheka na mimi nikacheka nao. Hapo ndipo mke wake, Mwajuma, aliponitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Baadaye sana niliambiwa kwamba uso wangu siku ile haukucheka. Pembe za mdomo zilikuwa hazipandi tena, mdomo wa juu ulinyanyuka tu meno yakatoka, kama mbwa aliyeguswa mfupa. Mimi nilijua moyoni nacheka. Wenzangu walijua nawanunia. Ugonjwa huu unakuibia uso kwanza, kisha watu wanakulaumu kwa uso usio wako.

Kiangazi kilipokolea, kope ya kushoto ikaanza kushuka. Asubuhi iko juu, mchana nusu, jua likizama nayo inazama. Kisha shingo. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia la korosho mbichi, nikawa nakitegemeza kwa mkono chini ya kidevu. Kisha sauti: nikianza maneno yalikuwa maneno, nikiendelea yanapitia puani, watu wanasema "Ati nini?" Kisha kutafuna. Tonge la kwanza la bada, ugali wetu wa muhogo, nalimeza, la tatu taya zinasimama zenyewe mdomo ukiwa umejaa. Hakuna maumivu. Ndiyo maana hakuna aliyeamini. Laiti ningelia kwa maumivu, ningepata hata wa kunifunika shuka.

Nikaenda Kisarawe. Nilikwenda kwa lori la mihogo, nikalala kwa jamaa karibu na soko, alfajiri nikawa kwenye benchi. Dresa wa pale, yule mfunga vidonda na mgawa dawa, kijana mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, aliniita zamu yangu ilipofika. Nilikuwa nimelala usiku kucha nikapumzika. Nilikuwa mzima kuliko yeye.

"Unaumwa nini, bibi?"

"Jioni siwezi kutafuna."

"Fungua mdomo. Meno unayo. Kamata mkono wangu. Kaza." Nikaukaza. Akauvuta. "Ala! Bibi, wewe una nguvu za kupasua kuni. Nenda kalime."

"Nimesema jioni, mwanangu."

"Jioni kila mtu amechoka. Hata mimi."

Benchi zima likacheka. Akanipa kwinini ya malaria na haluli, ile chumvi ya kuharishia. Si kwa kuwa aliona chochote. Dawa zile alipewa kila mtu, mwenye upele na aliyetegukwa mguu. Nikazimeza kwa adabu kama nilivyoagizwa, na wiki ile ndiyo kope zote mbili zilipoanguka pamoja, na maji ya kunywa yakaanza kutokea puani. Nikarudi. Dresa akasema sikumaliza dozi, akaniongezea. Nilikuja kuambiwa na daktari kwamba kwa mtu mwenye ugonjwa wangu dawa zile mbili ni kumsukuma mtu ambaye tayari anateleza. Daktari yule hakunificha. Lakini dresa yule simsamehi. Si kwa kutojua, maana wote hatukujua. Simsamehi kwa kicheko.

Nyumbani, Shomari alileta mganga. Mganga naye alikuja asubuhi! Akanikuta napepeta mpunga. Akasema nina jini la kike linalopenda kukaa kivulini, linataka kuku mwekundu na ubani. Kuku aliliwa, jini halikuondoka. Sina kisa na mganga. Yeye angalau alikubali kwamba kuna kitu.

Sasa nije kwenye Ramadhani.

Mwaka ule iliangukia mwishoni mwa masika, njia zote matope. Nilifunga kama nilivyofunga tangu nikiwa mtoto. Lakini fikiri mwenyewe: ugonjwa unaozidi kadiri siku inavyosonga, na chakula kinachongoja jua lizame. Futari ililetwa uwanjani kwenye sinia, muhogo wa tui, magimbi, kunde, uji wa pilipili manga. Mwajuma ni mpishi, hilo sitamnyima. Nilichukua kipande cha muhogo, nikakitafuna mara mbili tatu, taya zikasimama. Nikajaribu uji, ukatokea puani mbele ya wageni wa Shomari. Nikatema, nikajifuta kwa upande wa kanga, nikasogeza kando sahani yangu. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata nikaogopa hata kujaribu, nikakaa tu mbele ya sinia na mkono chini ya kidevu.

Kwetu, kuketi kwenye sinia la mtu mbele ya watu ukakataa kula ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo. Kila Mzaramo anajua hilo, na mimi nalijua kuliko wote. Ila kumeza kulikuwa hakuwezekani.

Mwajuma alivumilia siku kadhaa. Kisha akainuka na sinia mikononi.

"Mume wangu, muulize dada yako. Asubuhi daku anakula wapi?"

Shomari akaniangalia. "Dada, daku unakula?"

"Nakula." Ilikuwa kweli. Daku nilikula vizuri, nimepumzika usiku.

"Anakupikia nani?"

"Napika mwenyewe, nyuma kule."

"Mmesikia?" Mwajuma akasema. "Anachopika mwenyewe kinashuka. Changu hakipiti. Na ananichekea kwa meno. Basi waambie watu wazi, wifi, kwamba mimi nimekutilia kitu."

Nilitaka kujibu. Nilitaka kusema, Mwajuma, mwanangu, chakula chako nakitamani mpaka mate yananitoka. Lakini sauti ilikuwa imekwisha tangu alasiri. Ilitoka puani, mlio tu, na mdomo ukanyanyuka. Mwajuma akafunika uso kwa kanga akaingia ndani akilia. Shomari, mtoto niliyemtafunia, akasema maneno haya mbele ya wageni: "Dada, kama hupendi mkono wa mke wangu, usije kwenye sinia langu."

Nilibeba ukindu wangu na nguo zangu nikaenda kwa Zena, Mlandizi.

Zena alisikiliza asubuhi, sauti ikiwa nzima, na jioni akanitazama nikimeza. Hakusema uzee, wala jini. Alisema, "Dada, kesho nakutazama tena." Akanitazama mpaka masika yakaisha na kipupwe kikaingia. Akaniwekea mito mgongoni nikilala, maana chali nilikuwa nakabwa. Akawa ananipikia uji mwepesi mapema. Usiku mmoja sikuweza hata kumeza mate yangu mwenyewe. Yalinishuka njia mbaya, nikakohoa kikohozi kisicho na nguvu, kama cha kitoto kichanga, na Zena akanishika kifudifudi hadi pumzi ikarudi. Asubuhi alisema, "Dada, unakufa. Hufi kwangu bila mtu kuangalia."

Siku zile Mlandizi na Kibaha yote ilikuwa chini ya boma la Kisarawe, na tulisikia kwamba daktari kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja pale siku fulani. Tukaenda. Benchi lilelile, dresa yuleyule. Daktari alikuwa Mhindi mtu mzima, Kiswahili chake safi. Aliniona asubuhi. Akanipima moyo, magoti, macho, akatikisa kichwa. "Mama, sioni kitu."

"Nione jioni."

"Jioni nakuwa njiani."

Nikatoka nje. Zena akachukua kikapu chetu tuondoke. Sijui hasira ile niliitoa wapi. Nilirudi nikakaa mwisho wa benchi, nikatoa ukindu wangu nikaanza kusuka.

"Dada, tunakwenda."

"Nenda wewe. Mimi leo nitaumwa hapahapa."

Wagonjwa walipungua. Adhuhuri dresa akaja kufunga. "Bibi, tumefunga."

"Funga mlango. Benchi liache."

Alibaki mzee mmoja tu, Mnyamwezi wa shamba la mkonge, aliyekuwa anangoja kufungwa kidonda. Wanyamwezi ni watani zetu, na alipojua mimi ni Mzaramo hakunipa nafasi ya kupumua.

"Wazaramo kwa usingizi! Tazama macho yanafumba, na jua liko juu. Ukifa hapo mimi ndiye mtani wako, nitalala kaburini wakulipie ndipo nitoke."

"Utalala... muda mrefu," nikasema kwa pua. "Mdogo wangu... bahili."

Alicheka mpaka akashika mguu wake wenye kidonda. Nilicheka naye, na uso wangu ukafanya ule ubaya wake. Akanitazama vizuri. "Dada," akasema, utani ukiwa umemtoka, "hata kucheka huwezi?" Akachukua mkongojo wake akaenda kugonga mlango wa daktari kwa kichwa cha fimbo. Dresa akamfokea. Mnyamwezi akafoka zaidi. "Mtani wangu anakufa akicheka! Nani alishaona hayo?"

Daktari alitoka na mkoba wake, tayari kupanda gari. Akanikuta mkono chini ya kidevu, kope zote chini, mate yakinidondoka juu ya ukindu. Alisimama. Akaweka mkoba chini.

"Huyu si yule mama wa asubuhi?"

"Ndiye," Zena akasema. "Ndiye yuleyule. Tumekwambia."

Akavuta kiti akaketi mbele yangu. Akaniambia nitazame kidole chake juu bila kupepesa. Kope zikaanguka kama pazia lililokatwa kamba. Akaniambia ninyooshe mikono, ikashuka yenyewe. Kisha akaokota ukili miguuni pangu, akaupitisha vidoleni tokea ncha ya asubuhi mpaka ya saa ile. Halafu akataja jina refu la kizungu, mimi sikulishika na sina haja nalo. Alisema si uzee. Alisema misuli inasahau amri kila inapotumiwa, na ikipumzika inakumbuka. Alisema ameona mmoja tu katika maisha yake, kijana, na hakufikiri kwamba humpata pia mtu wa umri wangu.

"Nimekuambia asubuhi huna kitu," alisema. "Nisamehe."

Zena akanifuta mate kwa upande wa kanga yake.

Dawa haikuwapo Kisarawe. Aliahidi kuileta safari inayofuata, akanionya nisiguse tena kwinini wala haluli, na akatuagiza tubaki kwa yule jamaa wa sokoni. Tulingoja. Sijawahi kuogopa kulala kama nilivyoogopa katika kungoja kule. Zena akamtumia Shomari salamu kwa dereva wa lori: njoo uone kwa macho yako, au njoo uzike.

Shomari alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka magotini. Hakunisalimia vizuri wala mimi sikumwitikia vizuri. Daktari alifika mchana, akasema hatanichoma mpaka nichoke. "Mama, suka." Nikasuka mpaka ukindu ukaanguka. Kichwa kikaanguka. Ndipo akanichoma sindano mkononi, akatazama saa yake.

Kwanza tumbo likasokota, mate yakajaa, nikadhani ameniua. Kisha nikahisi kitu kama mtu ananiinua kope kwa vidole kutoka ndani. Niliona mti mmoja nje, mmoja tu. Kichwa kikasimama chenyewe juu ya shingo. Zena akapiga kigelegele palepale hospitalini.

Nikasema, na sauti ilikuwa yangu: "Nipeni muhogo."

Zena alikuwa na muhogo wa kuchemsha kikapuni. Nikautafuna mbele ya Shomari, taratibu, tonge kwa tonge, mpaka ukaisha. Yeye alikuwa analia waziwazi kama mtoto. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira nyingi mno kulia.

"Dada..."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi rudi umwambie mkeo kwamba futari yake niliimezea mate siku zote zile. Na wale wageni uliosema mbele yao, uwaite tena useme hivyo mbele yao."

Alikwenda akafanya. Hilo nampa.

Sijapona. Hakuna anayeniambia nitapona. Vidonge vinatoka Dar es Salaam, navipangia kwa adhana: kimoja alfajiri, kimoja kabla ya chakula cha mchana, kimoja kabla ya alasiri, kimoja kabla ya maghrib. Tumbo linanisumbua, kwapa zinalowa jasho hata kipupwe. Mvua zikininyeshea nahema vibaya. Mikeka nasuka asubuhi tu, na jioni natuliza mikono mapajani bila kuona haya. Kuna masika mawili yamepita tangu sindano ile. Dresa bado yuko Kisarawe, na nasikia siku hizi akimwona mzee anayetegemeza kidevu anamwambia abaki benchini. Vizuri. Mimi bado simsalimii.

Shehe aliniambia saumu haiko juu yangu tena, nilishe masikini. Basi Ramadhani iliyofuata, nikiwa nimerudi chumba changu cha uani kwa Shomari, nilikuwa nakula mchana kidogo, peke yangu, nyuma ya nyumba. Lakini jioni ya kwanza Mwajuma mwenyewe alikuja chumbani kwangu. Alisimama mlangoni.

"Wifi, kidonge umekwisha kumeza?"

"Nimekimeza."

"Basi njoo kwenye sinia."

Nikaenda. Adhana ikalia, watu wakafungua kwa tende. Nikachukua muhogo wa tui. Kila jicho lilikuwa kwenye koo langu. Nikameza.

"Mnatazama nini?" nikasema. "Kuleni, chakula kinapoa."

Wakaanza kula, wakacheka, Mwajuma akaniongezea tui. Shomari tu ndiye hakula. Aliinama akawa anaumega muhogo kwa vidole vyake, vipande vidogo vidogo, laini kama vya mtoto, akavisogeza upande wangu wa sinia bila kuniangalia.

Bado sijamaliza kumkasirikia. Nilivila vyote.